Majeruhi wa klabu yako ya AFL: namna ya kuwafuatilia tangu wanapoumia mpaka wanaporudi

Mtu akishaipenda timu ya AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia, haipiti wiki bila kuuliza: nani kaumia, kaumia wapi, na lini tutamwona tena? Majibu yapo, na mengi hutolewa na klabu zenyewe, ila yametawanyika. Kipande kimoja kiko kwenye orodha ya Jumanne, kingine kwenye maneno ya kocha kwa waandishi, kingine kwenye mechi ya timu ya pili ambayo wengi hawaiangalii. Mwongozo huu ni wa kuviunganisha.

Mfano wangu mkuu ni Port Adelaide. Ndiyo klabu ninayoifuata, na kwa msomaji wa Kiswahili ina jina la karibu: beki wake Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya Kakuma, Turkana, kabla familia yake haijahamia Australia. Kama unashabikia klabu nyingine kati ya 18 za ligi, hatua ni zile zile.

Jambo moja kabla hatujaanza, maana ndilo linalowapoteza mashabiki wengi. Idadi ya wiki inayotangazwa ni makisio ya daktari siku ile. Habari yenyewe iko kwenye hatua ambazo mchezaji amezivuka na zile ambazo bado. Septemba 2025 Lachie Neale wa Brisbane Lions aliumia kigimbi kwenye mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Geelong, na ikaelezwa kwamba msimu wake umekwisha. Siku 22 baadaye aliingia kwenye Fainali Kuu akitokea akiba, na Brisbane ikaifunga Geelong hiyo hiyo 122 kwa 75. Aliyeshika neno "msimu umekwisha" alishangaa. Aliyekuwa akiangalia kama Neale ameanza kukimbia, na kwa kasi gani, alikuwa na fununu mapema.

Hatua ya 1: Andika alivyoumia, siku ile ile

Huu ni mchezo wa watu 18 kila upande, kwenye uwanja wa umbo la yai ambao mara nyingi una urefu wa zaidi ya mita 150. Kuna robo nne za dakika 20, na kwa kuwa saa husimamishwa, robo moja inaweza kukaribia nusu saa. Hakuna kuotea, kwa hiyo mtu anaweza kugongwa kutoka upande wowote. Hakuna kofia ngumu wala pedi za mabega. Mchezaji mmoja wa kiungo anaweza kukimbia kilomita 12 na zaidi kwa siku. Kila timu hucheza mechi 23 kati ya Machi na Agosti kabla ya mtoano wa Septemba. Majeruhi hawakosekani.

Chukua daftari, au fungua jedwali kwenye simu. Mchezaji anapoumia andika jina, tarehe, robo, kiungo kilichoumia, na upande: kulia au kushoto. Upande ndio watu wanaousahau, na miezi mitatu baadaye ndio utakaokuambia kama jeraha ni jipya au ni lile lile limerudi.

Kisha andika aliumiaje. Aligongwa, au alianguka bila kuguswa? Goti lililojikunja lenyewe mchezaji akitua au akigeuka, bila mtu karibu, linatisha kuliko lililopigwa teke. Mchezaji anayekimbia kwa kasi akasimama ghafla na kujishika nyuma ya paja ameshakwambia kila kitu kabla ya kipimo chochote.

Angalia na benchi. Akiwa juu ya baiskeli ya mazoezi pembeni ya uwanja, wanamweka na joto ili arudi. Akikimbizwa kando ya mstari huku mtaalamu wa viungo akimwangalia mguu, wanampima. Daktari akimlaza, akashika paja kwa mkono mmoja na kuvuta mfupa wa chini ya goti kwa mwingine, anaipima kano ya mbele ya goti, na sura ya mchezaji baada ya hapo huwa haifichiki. Ukiona kiatu kimevuliwa, barafu imezungushiwa plastiki mguuni na koti limevaliwa, siku yake imekwisha.

Hatua ya 2: Soma orodha ya Jumanne polepole

Skani nyingi hufanywa siku moja au mbili baada ya mechi. Ndiyo maana orodha za majeruhi za klabu kwa kawaida hutoka Jumanne, na tovuti ya ligi huzikusanya zote 18 mahali pamoja. Orodha ni fupi: jina, jeraha, muda. Shida iko kwenye safu ya muda.

Ukikuta "Test", mchezaji atapimwa mazoezini wiki hiyo na anaweza kucheza. Ukikuta "TBC", muda haujajulikana. Wakati mwingine wanasubiri daktari bingwa, na wakati mwingine jeraha lenyewe halina ratiba. TBC iliyokaa wiki mbili si dalili nzuri. "Season" maana yake hatarudi mwaka huo. "Managed" si jeraha jipya: amepumzishwa, ama kwa umri, ama kwa uchovu, ama kuna kitu kinauma ambacho klabu haitaki kukitaja.

Wiki si mechi. Kila timu ina wiki ya mapumziko katikati ya msimu, na wakati mwingine mechi mbili zinatenganishwa na siku tano tu. "Wiki 3" inaweza kumkosesha mechi mbili au nne. Hesabu kwa ratiba ya klabu yako, usihesabu kwa vidole.

Halafu tunza orodha ya wiki iliyopita. Mchezaji aliyeandikwa wiki 3, wiki inayofuata akaandikwa 2, anakwenda sawa. Aliyeandikwa wiki 3, kisha 3, kisha 2 hadi 3, amekwama mahali, na hakuna atakayekutangazia. Utaliona tu ukiziweka orodha mbili sambamba.

Hatua ya 3: Yajue majeraha yenyewe

Huhitaji udaktari. Unahitaji kuyajua kama saba au nane yanayojirudia.

Nyama za nyuma ya paja ndizo zinazoongoza. Ligi imekuwa ikikusanya takwimu za majeraha tangu msimu wa 1992, na kwa miaka yote hiyo hili ndilo limekuwa jeraha la kawaida kuliko yote. Sababu iko kwenye mchezo wenyewe. Mchezaji hukimbia kwa kasi ya juu, akainama kuokota mpira chini bila kupunguza mwendo, kisha akapiga teke refu, na vyote vitatu vinauvuta msuli ule ule. Msuli uliochanika kidogo ni wiki mbili hadi tatu. Uliochanika zaidi ni mwezi na kitu. Neno la kulisikiliza ni kano. Taarifa ikisema jeraha limegusa kano ya msuli, ongeza muda hata kama kocha anaonekana mchangamfu. Kano ikibanduka kwenye mfupa, hapo ni upasuaji na miezi.

Kigimbi hudanganya. Mchezaji hutembea vizuri baada ya siku tatu, mashabiki wanafurahi, kisha anapoanza kusukuma mguu kwa nguvu kinaamka tena. Kwa wachezaji waliovuka miaka 30 mimi sishangai kigimbi kikichukua zaidi ya kilivyotangazwa.

Goti lina mambo manne ya kuyatofautisha. Kano ya ubavu wa ndani mara nyingi hupona bila kisu, wiki chache hadi sita hivi. Mwaka 2016 Aliir, wakati huo akiwa Sydney Swans, aliumia goti kwenye mechi ya nusu fainali dhidi ya Geelong. Timu ikafuzu, yeye akaikosa Fainali Kuu. Wiki chache ni kidogo mwezi Mei. Mwishoni mwa Septemba ni zote ulizo nazo. Gegedu la goti likikatwa kipande kidogo ni wiki kadhaa, likishonwa ni miezi. Kano ya nyuma ya goti zamani ilikuwa ikiwaumiza hasa wale warefu wanaoruka kugombea mpira katikati, kwa sababu walikuja mbio kutoka mbali na kugonganisha magoti hewani. Mwaka 2005 ligi ikachora duara la nje la mita 10 ili kufupisha mbio zile, na majeraha hayo yakapungua. Naukumbuka mfano huu kila mtu anaposema majeraha ni bahati tu.

La nne ndilo linalonyamazisha uwanja mzima: kano ya mbele ya goti, ACL. Hapo ni upasuaji wa kupandikiza kano nyingine, mara nyingi kutoka paja la mchezaji mwenyewe, na miezi 9 hadi 12. Upande wa wanawake, AFLW, jeraha hili hutokea kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko kwa wanaume, na msimu wao ni mfupi, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kupoteza misimu miwili. Erin Phillips alichanika ACL kwenye Fainali Kuu ya 2019 akiichezea Adelaide mbele ya watu zaidi ya 53,000 pale Adelaide Oval. Alitolewa kwa machela huku uwanja mzima umesimama kumpigia makofi, na bado akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Alirudi, na mwaka 2022 akawa nahodha wa kwanza wa timu ya wanawake ya Port Adelaide.

Enka iliyoteguka kawaida ni wiki moja hadi tatu. Lakini ukisikia sindesmosisi, yaani kile kiungo cha juu ya enka kinachoshikanisha mifupa miwili ya mguu, fikiria wiki sita na kuendelea, na zaidi kama kuna upasuaji. Bega lililotoka linaweza kurudishwa, likafungwa plasta na mtu akaendelea kucheza mpaka msimu uishe, ndipo apasuliwe. Au likatoka tena. Oscar McInerney wa Brisbane aliumia bega hivyo kwenye nusu fainali ya 2024, na wenzake wakatwaa ubingwa wiki iliyofuata akiwa amevaa suti. Mfupa wa mguu uliopata ufa wa msongo, hasa ule wa navikula juu ya unyayo, uchukulie kwa uzito kila wakati, maana damu haiufikii vizuri na haukubali kuharakishwa. Kano ya Achilles, ile ya nyuma ya kisigino, ikikatika, mwaka umekwenda: Todd Marshall wa Port Adelaide aliipoteza kabla msimu wa 2025 haujaanza.

Hatua ya 4: Kichwa kina sheria zake

Hapa simama, usome taratibu. Jeraha la kichwa halifuati maoni ya kocha, wala hamu ya mchezaji, wala umuhimu wa mechi.

Mchezaji wa AFL aliyethibitika kupata mtikisiko wa ubongo hawezi kurudi kabla ya siku ya 12 baada ya siku aliyoumia. Hiyo ni ya mapema kabisa. Akiumia Jumamosi tarehe 5, siku ya kwanza anayoweza kucheza ni Alhamisi tarehe 17. Kwa ratiba ya kawaida ina maana atakosa mechi moja, na kama mechi ya pili iko Jumatano, atakosa mbili. Timu ikiwa na wiki ya mapumziko, anaweza asikose hata moja. Ndani ya siku hizo anapumzika kwanza, kisha anaongezewa mazoezi kidogo kidogo, dalili zikirudi anarudishwa nyuma, na mazoezi ya kugongana ni ya mwisho na ni kwa ruhusa ya daktari. Kwenye mpira wa mitaani nchini Australia muda ni siku 21. Kama mwanao anacheza huko, hiyo ndiyo namba yako.

Tunarudi kwa Aliir. Julai 2023, kwenye mechi ya watani wa jadi wa Adelaide, aligongana vichwa na mwenzake Lachie Jones. Alirudishwa uwanjani bila kufanyiwa SCAT, kipimo cha mtikisiko wa ubongo ambacho sheria inakitaka. Ligi iliitoza Port Adelaide faini ya dola 100,000 za Australia, 50,000 kati ya hizo zikisimamishwa. Ni klabu yangu, na nasema faini ile ilistahili. Tangu siku hiyo, mchezaji akigongwa kichwa sitazami tena mpira. Natazama amekwenda wapi, ameingia chumba cha daktari au la, na amekaa huko muda gani. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Shabiki anayeuliza "amepimwa?" ana faida kuliko anayeuliza "anarudi lini?"

Usidhani nazidisha. Angus Brayshaw, bingwa wa 2021 na Melbourne, aligongwa kwenye mechi ya mtoano Septemba 2023. Februari 2024 alistaafu kwa ushauri wa madaktari, akiwa na miaka 28. Nathan Murphy wa Collingwood alimfuata miezi miwili baadaye. Na Polly Farmer, mmoja wa wakubwa kabisa wa mchezo huu, aliyefariki 2019, alithibitishwa mwaka uliofuata kuwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Kwa hiyo kwenye daftari lako, majeraha ya kichwa yape ukurasa wake. Andika ni la ngapi kwa mchezaji huyo. Mtu akipata la tatu au la nne, usihesabu siku 12. Subiri madaktari waseme.

Hatua ya 5: Fuata ngazi ya mazoezi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa Adelaide, uwanja wa mazoezi wa Port ni Alberton Oval, na siku zinazoruhusiwa mashabiki unaweza kusimama kwenye uzio ukaona kila kitu. Ukiwa mbali, klabu na waandishi huweka video fupi za mazoezi, na sekunde ishirini zinatosha ukijua unachokitafuta.

Mtafute pembeni. Kundi kubwa liko katikati. Majeruhi wako kando ya mstari na mtaalamu mmoja na koni chache. Anayekimbia mstari ulionyooka, anafika mwisho, anageuka kwa kutembea, bado yuko chini ya ngazi. Kinachofuata ni kukimbia kwa kupinda, kisha kukata kushoto na kulia, kisha kusimama ghafla. Kila badiliko hilo ni ruhusa iliyotolewa na mtu. Kwa mwenye jeraha la nyuma ya paja, subiri uone kitu kimoja: mpira unavingirika chini, yeye anaukimbilia kwa kasi yake yote, anainama, anauokota bila kupunguza mwendo. Hapo paja limepita mtihani. Kama bado anapunguza hatua mbili kabla ya kuinama, jipe subira hata kama gazeti limesema yuko tayari. Kwa mwenye ACL, angalia anavyotua. Je, anatua kwa mguu ule peke yake, na kuna mtu anamsukuma hewani?

Baadaye atajiunga na kundi kubwa, lakini mara nyingi akiwa na kizibao cha rangi tofauti, maana yake wenzake wasimguse. Kizibao kikivuliwa, ni habari kubwa kuliko taarifa yoyote ya wiki hiyo.

Mgongoni, kati ya mabega, kila mchezaji ana kifaa kidogo cha GPS. Klabu inahesabu mita alizokimbia na ngapi kati yake zilikuwa za kasi ya juu, na mchezaji hurudishwa kwa mita hizo kuliko kwa kalenda. Ndiyo maana aliyepona kabisa anaweza kukaa nje wiki moja zaidi. Mwili umepona, ila mita hazijatimia.

Maneno ya kocha nayo yana vipimo vyake. "Anaendelea vizuri" si habari. "Tutampa kila nafasi" mara nyingi ni shaka iliyovishwa nguo nzuri. "Amemaliza mazoezi yote ya wiki" ni habari ya kuandika. Na kocha akitaja mchezaji atakayeziba pengo kabla hajaulizwa, jibu umeshapewa.

Hatua ya 6: Alhamisi, kikosi kinatoka

Vikosi vya wikendi hutangazwa zaidi Alhamisi jioni kwa saa za Melbourne. Kati ya Aprili na Septemba, Melbourne iko mbele ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa 7, na mbele ya Goma, Bujumbura na Kigali kwa saa 8. Kwa hiyo saa 12 jioni ya kwao ni saa 5 asubuhi kwa Dar. Mwezi Machi ongeza saa moja, kwa sababu saa zao za majira ya joto hazijarudishwa. Adelaide iko nusu saa nyuma ya Melbourne. Usiisahau hiyo nusu saa, itakukosesha mwanzo wa mechi.

Soma safu ya walioingia na waliotoka, na mbele ya kila aliyetoka soma sababu. Kwa mechi za Jumapili, klabu hutoa kwanza majina zaidi ya yanayohitajika, kisha huyapunguza Ijumaa, kwa hiyo jina kuwemo Alhamisi halijamaanisha kitu. Angalia na majina ya dharura, yaani wanaosubiri endapo mtu atatoka. Mchezaji muhimu mwenye "Test" akiwa kikosini, na dharura mmoja anacheza nafasi ile ile kabisa, klabu yenyewe haina uhakika. Rudi tena muda mfupi kabla ya mechi, maana mabadiliko ya mwisho hutokea hapo. Kanuni za mchezaji wa akiba zilibadilika mara kadhaa tangu 2021, aliporejeshwa kama akiba wa majeruhi tu, na kuanzia msimu wa 2026 akiba huyo ameondolewa. Zisome upya kanuni kila mwanzo wa msimu.

Hatua ya 7: Usiiruke timu ya pili

Wachezaji wa Port Adelaide wasiopangwa AFL hucheza SANFL, ligi ya Australia Kusini, wakivaa jezi ya Magpies. Klabu za Victoria, Sydney na Brisbane hutumia VFL, ligi ya Victoria, na za Perth hutumia WAFL, ligi ya Australia Magharibi. Aliyekaa nje muda mrefu mara nyingi hupitishwa huko kwanza, na mara nyingi kwa dakika zilizopangwa. Ukimwona ametoka mwanzoni mwa robo ya tatu na hakurudi, usipige kelele mtandaoni kwamba kaumia tena. Tazama kama amevaa koti na anacheka na wenzake, au ana barafu.

Akirudi AFL, takwimu ya kuitafuta ni asilimia ya muda aliokuwa uwanjani. Mchezaji wa kiungo aliye mzima huwa karibu na 80 au zaidi. Aliyerudi akipewa 65, wanamlea. Muda huo ukipanda wiki hadi wiki, sawa. Ukipanda kisha ukaanguka bila maelezo, rudi kwenye Hatua ya 1.

Usifute jina lake siku anayorudi. Majeraha ya misuli hupenda kurudi katika wiki za mwanzo baada ya mtu kurejea, kwa hiyo mwache kwenye jedwali mechi nne au tano zaidi. Na goti halina adabu kabisa. Alex Johnson alitwaa ubingwa na Sydney mwaka 2012, akachanika ACL mapema 2013, akapasuliwa goti tena na tena, na akarudi AFL Agosti 2018, karibu miaka sita baada ya ubingwa ule. Wachezaji wenzake walimkumbatia kama ndugu aliyetoka safari ya mbali. Katika mechi yake ya pili tu, goti la mguu wa pili likakatika.

Wapo na wanaorudi kwa ukamilifu, ila hawarudi kwa siku moja. Charlie Dixon wa Port Adelaide alivunjika mguu vibaya mwishoni mwa msimu wa 2018. Alirudi katikati ya 2019 na alionekana mzito. Waliomhukumu kwa miezi ile walikosea, kwa sababu 2020 alichaguliwa kwenye kikosi bora cha Australia nzima.

Mambo ya kuyaacha

Mchezaji akiandikwa yuko nje kwa sababu binafsi, ishia hapo. Usichimbe, usitabiri, usisambaze sauti ya mtu anayedai ana shemeji klabuni. Inaweza kuwa msiba, inaweza kuwa afya ya akili, na vyovyote vile si mali yetu. Usimwandikie majeruhi kwenye ukurasa wake ukimuuliza lini atarudi kwa sababu ya mkeka wako. Na mkeka wenyewe, ukiujenga juu ya orodha ya majeruhi, unacheza na watu wenye habari kabla yako.

Hatua ya 8: Pengo linazibwaje, na msimu unaanza lini

Jeraha la msimu mzima lina upande wa pili: nafasi. Klabu yenye mchezaji aliyewekwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu inaweza kusajili mbadala, ama kabla ya msimu kuanza, ama kwenye usajili wa katikati ya msimu uliorejeshwa 2019. Mwaka huo huo Richmond ilimchukua Marlion Pickett akiwa na kidole kilichovunjika. Jack Graham alipoumia bega wiki moja kabla ya Fainali Kuu, nafasi ikamwangukia Pickett, akacheza mechi yake ya kwanza kabisa ya AFL siku ya fainali na kuondoka na medali ya ubingwa. Kwa hiyo, ukiandika jina kwenye safu ya waliotoka kwa msimu, andika pembeni yake nani amepata mlango.

Fainali Kuu ikishachezwa, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, usifunge jedwali. Oktoba ndio mwezi wa visu: mabega yaliyofungwa plasta tangu Juni, enka zilizochomwa sindano, vidole vilivyopindishwa kwa tepu. Klabu huyatangaza haya kwa mstari mmoja, siku ambayo magazeti yote yanaandika kuhusu uhamisho. Yaandike. Bega lililopasuliwa Oktoba linahitaji kama miezi minne hadi sita, na msimu unaanza Machi. Mazoezi yakianza tena Novemba na Desemba, tafuta kwenye picha nani yuko katikati na kundi kubwa, na nani bado yuko kando ya mstari na koni.